Udongo wa Kuazima

Jioni ile Mama Kifurushi alipotoka nyumbani hakuwa na ubaya na mtu yeyote duniani, isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja hakuwa anakwenda kumpiga wala kumtukana. Alikuwa anakwenda kujipiga picha.

Mtoto mgongoni, kamera ya studio begani, stendi yake kwapani, akakata njia ya nyuma ya karakana iliyofungwa miaka mingi, akatokea kwenye uwanja mtupu ambao hakuna anayeulima wala kuujenga. Mtoto mwenyewe wa kike, miezi minane. Jina la Kifurushi alipewa na majirani, kwa kuwa tangu azaliwe hajaonekana ila amefungwa mgongoni kama mzigo unaopelekwa posta. Jua lilibakiza kama nusu saa. Mwanga wa saa ile ndio mwanga usiomsema mtu vibaya: unalainisha uso, unarefusha kivuli, unampa hata aliyelala njaa sura ya mtu mwenye siri.

Sababu ya safari ilikuwa kiwiko.

Wiki ile Baba Kifurushi alikuwa amebandika mtandaoni, watu wote waone, picha ya mtoto siku aliyozaliwa. Picha hiyo Mama Kifurushi anaijua, maana yeye ndiye aliyekuwa amempakata, nywele timutimu, macho yamevimba, anacheka. Sasa hayumo. Amekatwa. Kimebaki kiwiko chake tu, kinachungulia pembeni kama cha mpita njia. Na chini yake yule bwana ameandika kwamba binti yake akiacha kunyonya tu anakuja kumchukua, akalelewe kwa bibi yake kwenye nyumba ya maana. Watu wakampongeza. Hata shangazi mmoja wa Mama Kifurushi alimpongeza, labda hakusoma vizuri, labda alisoma.

Basi alitaka picha moja. Yeye peke yake, uwanja mzima, upepo kwenye gauni, uso umegeukia jua linalozama. Halafu aikalishe kwenye kompyuta, aififishe mbingu, afute nguzo za umeme, abaki yeye na mwanga, kama mtu aliyetoka motoni akiwa mzima. Aibandike bila neno lolote. Yule bwana aione na chakula kimkwame kooni, ajue kwamba mwanamke yule hakatiki, na mtoto hatoki mikononi mwake.

Akamweka Kifurushi juu ya shuka, akasimika stendi, akaitegesha kamera ihesabu sekunde kumi. Pii... pii... pii... Akakimbia, akasimama penye jiwe aliloweka alama. Mara ya kwanza akafumba macho. Mara ya pili upepo ukalipandisha gauni mahali ambapo hata yule bwana hakustahili kupaona tena. Alipiga kama ishirini. Sura aliyoitaka haikuja. Zote alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Jioni hiyo hakuna kilichotokea. Baadaye alilirudia hilo sana, kwa wachache aliowasimulia. Jioni ya kwanza uwanja ulikuwa uwanja tu.

Kesho yake akaja mwashi.

Studio iko ghorofani, juu ya duka la matairi, unapanda kwa ngazi za mbao zinazolia kila hatua, ukiwa kaunta unajua mteja ni mnene au mwembamba kabla hujamwona. Mwenye studio ni mzee wanayemwita Flashi, kwa sababu anapepesa jicho moja kila anaposema uongo na wateja wanadhani anawatania. Yeye hupiga, Mama Kifurushi husafisha. Anaondoa chunusi, ananyoosha kola, anamfumbua macho bibi harusi aliyepepesa wakati mbaya. Kazi hiyo anaifanya mtoto akiwa mgongoni, na mkono wake hautetemeki.

Mwashi alikuwa mpole. Shati limepigwa pasi, kucha zimeganda saruji. Alileta picha ya karatasi: yeye, watoto wawili, na mwanamke, wamesimama mbele ya nyumba jioni, vivuli vyao virefu. Akaeleza bila kuulizwa. Anaoa Jumamosi. Anataka picha ya kutundika sebuleni, yeye na wanawe tu. Huyo mwenzake alisafiri, hakurudi, mwaka wa pili huu. Hata pale aliposimama hapako tena, amemwaga zege, pana baraza zuri sasa. Akangoja mpaka picha ikanakiliwa kwenye kompyuta, akaichukua ile ya karatasi, akaichana polepole, vipande akavitia mfukoni. Akaagiza kwamba kazi ikiisha na ile nakala ya kwenye mashine ifutwe. Isibaki. Atarudi kesho saa kumi alasiri.

"Umfute vizuri, dada," alisema akiwa mlangoni. "Kama hakuwahi kuwepo."

Mtu hafutwi mara moja. Anafutwa kidogo kidogo, picha imekuzwa mpaka pua inakuwa kilima, na anayefuta humjua kuliko mama yake alivyomjua. Mama Kifurushi alimjua yule mwanamke hivyo. Alama nyeusi chini ya jicho la kushoto. Mwanya. Kovu dogo kwenye unyusi. Gauni la manjano, kifungo cha pili hakipo, pamebanwa kwa pini. Hakuwa anatazama kamera. Watu wote wanatazama kamera, yeye anautazama mkono wa mumewe.

Mkono wa Mama Kifurushi ukasita. Kiwiko chake mwenyewe kikamjia mbele ya macho. Alijua anachokifanya, hilo hakulikana kamwe. Lakini kazi ni kazi, na Kifurushi alikuwa analia, na akasema moyoni, mimi nimetumwa tu.

Akafuta uso. Akafuta gauni. Akafuta na kivuli chake.

Shida ikawa udongo. Ukimwondoa mtu, chini panabaki pengo, nalo huzibwa kwa kunakili sehemu safi ya picha hiyo hiyo. Ua ule ulijaa ndala, ndoo, marundo ya kokoto, hapakuwa na udongo mtupu hata wa kiganja. Mzee Flashi ana sharti moja tu la kazi, alilitoa huko zama za filamu: ukuta azima, mbingu azima, hata macho azima, lakini pengo la mtu usilizibe kwa udongo wa picha ya mtu mwingine. Mama Kifurushi alikuwa akimcheka kwa hilo. Na mzee mwenyewe alikuwa ameshuka kununua wino.

Akafungua picha yake ya uwanjani. Mwanga ule ule wa jioni, rangi ile ile. Akakata kipande pale alipokuwa amesimama yeye, chini ya nyayo zake hasa, akakibandika pengoni. Kikakaa kana kwamba kilizaliwa hapo. Akaifuta nakala ya kwanza, akamnyonyesha mtoto, akasahau.

Haikupita saa nzima. Akaifungua tena picha yake ili aisafishe.

Kivuli chake kilikuwa kimelala pembeni, kirefu, chembamba, kama alivyokiacha.

Kando yake palikuwa na kingine.

Kifupi kidogo. Hakina mtu.

Akadhani nguzo. Akakifuta, akahifadhi, akafungua. Kipo. Akafungua picha ya pili, ya tatu, zote ishirini. Kipo. Watu wa kazi hii wakiona ajabu kwenye picha huilaumu kadi ya kamera kabla ya kitu kingine chochote, na Mama Kifurushi akailaumu kadi. Akachukua kadi mpya. Jua lilikuwa bado lipo, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi uwanjani.

Safari hii uwanja ulikuwa na harufu.

Saruji mbichi. Ile harufu ya baridi, ya vumbi lililolowa, inayokaa kwenye nyumba isiyohamiwa. Akatazama huku na huku, hakuna anayejenga. Akamweka Kifurushi kwenye shuka, mbali kidogo na jiwe, akategesha kamera.

Pii... pii... pii... cha.

Akaenda kutazama kwenye kioo cha kamera. Vivuli viwili. Chake, na kile, kama hatua kumi nyuma yake.

Akageuka. Nyasi tu, na ukuta wa karakana.

Akapiga tena. Hatua tano.

Mtu mwingine angeondoka. Yeye alisema kwa sauti, kwa hasira, kwamba hakuna kitu, ni kamera mbovu, Mzee Flashi hajawahi kununua kitu kizima maishani mwake. Akategesha ya tatu. Akasimama penye jiwe, uso kwenye jua, na zile sekunde kumi zikawa ndefu kuliko uchungu wa uzazi. Harufu ikaja karibu. Ikawa hapa, begani, na baridi yake.

Pii... pii...

"Mwenzangu."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, imekwaruza, kama ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Umenipa pa kusimama."

Cha.

Hakukumbuka alivyoifikia kamera. Kwenye kioo, kivuli chake kilikuwa peke yake penye jiwe. Kile kingine kilikuwa kimetoka kwake. Kilikuwa kwenye shuka. Kilikuwa kimeinama.

Na Kifurushi, aliyekuwa ameketi katikati ya mwanga, hakuwa na kivuli kabisa.

Akamnyakua mtoto. Akakimbia, stendi akaiacha, akakimbia mpaka barabarani penye taa na watu, akamshika chini ya taa akitafute kivuli chake ardhini. Kivuli cha mama kilikuwepo, mikono imekunjwa, imepakata hewa.

Tangu saa ile Kifurushi hakulia. Mtoto aliyekuwa akilia mpaka jirani anagonga ukuta, kimya. Titi hakulitaka. Mwili ukawa wa baridi, nywele zinanuka saruji, na macho yake yakawa hayamtazami mama, yanatazama sakafu kando ya mama. Asubuhi muuguzi wa zahanati alimpima, akasema hana homa, wala hajui ana nini, labda anaota meno, arudishwe kesho. Mama Kifurushi alitaka kumwambia kuhusu kivuli. Akaona foleni ilivyokuwa ndefu nyuma yake, akainuka.

Akaenda studio na mtoto kifuani. Mzee Flashi alikuwa anafuta vumbi kwenye kaunta. Alianza na utani wake, kwamba leo Kifurushi amekuja mbele kama mkubwa, halafu akamtazama mtoto, akatazama sakafu chini ya mtoto, utani ukakatika.

Akauliza swali moja tu, udongo aliutoa wapi.

Mama Kifurushi akamwambia yote kwa mkupuo, kiwiko, jiwe, mwashi, pengo, na lile neno la uwanjani. Mzee akaketi. Akasema katika maisha yake ya kazi limetokea mara mbili tu, na mara zote mbili aliyefutwa alikuwa haishi. Aliye hai ukimfuta anakasirika nyumbani kwake. Aliyekufa bila watu kujua, picha ndiyo nyumbani kwake, hana kwingine, na ukimwondoa hapo halafu ukampa udongo wako, anaufuata udongo.

"Sasa anamtakia nini mwanangu?" akauliza Mama Kifurushi.

"Wewe umemchukulia nini?"

Aliwakumbuka wale watoto wawili kwenye picha, na pengo katikati yao.

Mzee akasema yeye dawa hana, ana sharti tu, na sharti limeshavunjwa. La kufanya ni kumrudisha mwanamke mahali pake kabla picha haijatoka mlangoni. Mwashi akishaondoka nayo, basi. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

Lakini wa kumrudisha yuko wapi? Picha ya karatasi ilichanwa. Nakala ilifutwa, naye aliifuta kwa mkono wake. Hapakuwa na uso wa yule mwanamke popote duniani.

Isipokuwa kichwani mwake. Alama chini ya jicho. Mwanya. Kovu. Pini.

Akafunga dirisha. Akamlaza Kifurushi mapajani, mwili wa mtoto mzito na baridi kama tofali lililonyeshewa. Akachukua picha yake moja ya uwanjani, akajikata yeye mwenyewe, mwili mzima kuanzia nywele mpaka nyayo, akajibandika juu ya udongo ule katikati ya wale watoto wawili. Kisha akaanza kujigeuza. Akalipaka gauni rangi ya manjano. Akaondoa kifungo. Akaweka pini. Akajifupisha kidogo. Kila alipogusa kitu pichani alikihisi mwilini, alipochora kovu unyusi wake ukamuwasha, alipofungua mwanya ulimi wake ukaenda wenyewe kuutafuta. Mzee Flashi alisimama mlangoni, hataki kutazama, hawezi kuondoka.

Yakabaki macho.

Akajaribu kuyapeleka kwenye mkono wa mume, kama yalivyokuwa. Picha ikakataa. Kila alipohifadhi yalirudi yanatazama mbele. Harufu ya saruji ikajaa chumba, na sikioni, karibu kabisa, ile sauti ya mchanga ikanong'ona.

"Mwache anitazame."

Basi akayaacha. Na akatia ndani ya macho yale kila alichokuwa nacho. Kiwiko. Pongezi za watu. Kitanda cha hospitali ambapo alilala siku mbili bila mtu kuja, na siku ya tatu yule bwana akaja kupiga picha. Alipoinua mkono kwenye kipanya akaona kwamba sura aliyokuwa akiitafuta uwanjani ndiyo hii. Ilikuwa inamtazama. Ilikuwa nzuri, na ilimtisha.

Akachapa.

Mzee Flashi ndiye aliyeitoa karatasi kwenye mashine. Aliishika muda mrefu. Halafu akamgeuzia.

Kwenye kompyuta yule mwanamke alikuwa amesimama. Kwenye karatasi alikuwa amelala. Chali, miguuni mwa mumewe, mikono imebanwa ubavuni kama mtu aliye mahali pembamba, na udongo ule wa kuazima umemfunika mpaka kifuani. Uso tu ndio uliokuwa nje. Macho wazi.

"Hapo ndipo alipomwaga zege," Mama Kifurushi alisema.

"Sikusikia," alisema Mzee Flashi, na jicho lake likapepesa. Akaitia picha kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi.

Saa kumi ngazi zikalia. Hatua za mtu mwembamba, asiye na haraka. Mwashi aliingia akisalimia vizuri, akamwita mtoto mchumba, akauliza kama kazi imekwenda salama. Mama Kifurushi akamwambia imekwenda. Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Macho hakuyaondoa kwenye bahasha ile, maana kama angeifungua pale, kama angeikataa, kama angesema rudieni... Lakini mwashi aliipima kwa kiganja, akashukuru, akatoka.

Wakasikiliza. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale katikati penye mwanga wa dirisha akasimama. Karatasi ya kaki ikachanika.

Kimya.

Hata fundi wa matairi chini akaacha kugonga.

Halafu hatua zikaendelea kushuka. Safari hii zilikuwa za watu wawili.

Na mapajani mwa mama yake, Kifurushi akapasua kilio kama siku ya kuzaliwa. Kilio cha njaa, cha hasira, cha haki. Kivuli chake kilikuwa sakafuni, kinarusha miguu. Mama Kifurushi akamweka titini na yeye mwenyewe akaanza kulia, na Mzee Flashi akageukia ukuta, akajifanya anatengeneza pazia.

Habari za mwashi zilifika siku ya tatu, zililetwa na fundi wa matairi, mtu asiyeacha kitu njiani. Kwamba alifika nyumbani jioni ile akachukua nyundo akaanza kulivunja baraza lake mwenyewe, majirani wanamuuliza, hajibu. Kwamba nyundo ilipovunjika mpini aliendelea kwa kucha. Walimkuta kulipopambazuka amelala kifudifudi juu ya alichokuwa akikichimbua, gauni la manjano, na pini. Hana jeraha. Ila kinywa chake kilikuwa kimejaa saruji mpaka kooni, kavu, imeshikana kama jiwe, na ndani ya ua ule hapakuwa na mfuko wa saruji hata mmoja. Wale watoto wawili walichukuliwa na ndugu wa mama yao. Picha haikuonekana.

Mama Kifurushi alijiuliza tu kama moyo wake umeingiwa na huruma, akaitafuta, hakuiona.

Mzee Flashi alimwambia azifute picha zote za uwanjani, siku ile ile, bila kufungua hata moja. Kwa sababu picha imeondoka na udongo wake, na udongo haukurudishwa, na aliyepewa pa kusimama hana sababu ya kuondoka. Mama Kifurushi akaitika. Akasema ameshazifuta. Na jicho lake moja likapepesa lenyewe.

Alizifungua jioni. Kivuli cha pili kilikuwepo. Hakikuwa kimeinama tena, wala hakikumkaribia mtoto. Kilisimama kando ya chake, bega kwa bega, kama wanawake wawili wanaongoja mtu.

Alhamisi, ujumbe ukaingia kwenye simu. Baba Kifurushi. Amesikia mtoto aliugua mpaka akabebwa zahanati, mama gani huyo, hasubiri tena aache kunyonya. Jumapili anakuja. Afungashiwe.

Mama Kifurushi aliusoma mara tatu. Mara ya kwanza alikwenda kufunga mlango. Mara ya pili alimtazama Kifurushi, anacheza na kifuniko cha kamera, anakitia mdomoni, anakitoa. Mara ya tatu, chumba kikanuka saruji mbichi.

"Na huyo bwana wako," ikanong'ona ile sauti, kwa upole kama ya dada, "yeye anasimama wapi?"

Akajibu ujumbe kwa adabu. Akamwambia sawa, ila asije nyumbani, aje uwanja wa nyuma ya karakana, jua likikaribia kuzama. Wapige picha moja ya mwisho, mtoto aje kuiona akikua.

Akaja. Shati jipya, simu mkononi, manukato yanamtangulia. Akauliza mizigo iko wapi, akaangalia saa, akasema afanye haraka ana watu wanamngoja. Mama Kifurushi akamtaka asimame pale penye jiwe. Akaenda. Alikuwa hajawahi kuikataa kamera maishani mwake.

"Wewe huingii?" aliuliza, anatengeneza kola.

"Mimi ulishanikata. Simama tu."

Akacheka. Akapanua kifua, akageuza uso kwenye jua. Mama Kifurushi akabonyeza, sekunde kumi, akarudi nyuma ya kamera na mtoto wake kifuani.

Pii...

Kifurushi alikuwa anapunga mkono. Hakumpungia baba yake. Alimpungia aliyekuwa nyuma ya baba yake.

Pii... pii...

"Mbona hapa pananuka saruji?" aliuliza yule bwana.

Mama Kifurushi akamfunika mtoto macho kwa kiganja, akahesabu.

Picha ile anayo mpaka leo, kubwa, kwenye fremu, ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Uwanja, jua linazama, nyasi, jiwe, mtu hakuna. Vivuli viwili vya wanawake, chake na cha yule mwenzake. Wanaomtembelea huisifu, huuliza kama ndivyo ilivyopigwa au aliisafisha baadaye.

Huwaambia aliisafisha. Hapakubaki hata kiwiko.